Kitufe cha Nne

Mbaga, Same
14 Januari 2024

Mdogo wangu Rogath,

Bwana Yesu asifiwe. Barua hii anakuletea Paschal dereva, mwana wa jirani yetu wa bondeni. Ndiye aliyeniambia kwamba amekuona Mwanza kwa macho yake mawili, umeketi dukani umezungukwa na vijana wenye visikio masikioni, na kwamba umenenepa. Nimemshukuru Mungu kwa yote, hata kwa huko kunenepa. Miaka sita, Rogath! Namba yako ya zamani nimeipiga hadi yule mama anayesema "haipatikani" nahisi ameshanizoea.

Sisi ni wazima. Ng'ombe amezaa ndama jike. Binti yangu Agape ameingia darasa la tano na anajiona profesa. Mimi bado nafundisha chekechea ya kanisa, na mwaka jana wafadhili walituletea laptopu moja, ambayo mpaka sasa kazi yake kubwa ni kufunikwa kitambaa isishike vumbi. Kaburi la mama tumelipalilia kabla ya Krismasi. Baba hajambo, kifua tu kinambana kidogo.

Sasa niseme kilichonikalisha chini. Ni baragumu. Unajua mwenyewe kwamba huku hakuna anayefungua bwawa la ndiva asubuhi maji yaende mashambani kabla baba hajapuliza, wala anayebeba jembe kwenda kwenye kazi ya pamoja ya msaragambo kabla hajaitwa. Basi tangu Novemba pumzi yake haifiki mwisho. Anaanza vizuri, halafu sauti inakatika njiani. Juzi aliita watu waje kuzoa tope la ndiva, wakaja wanne. Wengine wanasema walidhani ni ng'ombe wa Mzee Sadock. Vijana wamejaribu kuipuliza, wanatoa upepo na mate.

Huyo Mzee Sadock bado ndiye mwenyekiti wa kamati ya maji. Amesema zamu za maji sasa zitatangazwa kwa meseji. Meseji! Mtandao wenyewe tunaufuata kwa miguu mpaka karibu na kanisa, na nusu ya wenye mashamba hawana simu. Amempa baba mpaka mwisho wa masika, baada ya hapo baragumu itundikwe ukutani. Tangu siku hiyo baba anakula kimya, anamaliza, ananawa, anatoka. Inaniuma kumwona hivyo.

Paschal anasema kazi yako ni kuwapangia watu vitufe, kwamba mtu anabonyeza kimoja na mashine inafanya mambo kumi. Nikajiuliza, haiwezi kupiga baragumu?

Dada yako,
Dorkasi

N.B. Weka namba ya simu kwenye majibu.


Mwanza
9 Februari 2024

Dada Dorkasi,

Shikamoo. Barua yako niliipokea mkononi kwa Paschal, nikakaa nayo mfukoni siku nne kabla ya kuifungua. Si kwa ubaya. Kwa siku hizo mwandiko wako juu ya bahasha ulinitosha.

Mimi ni mzima. Ni kweli nimenenepa, sato wa huku hawana huruma. Nimepanga chumba juu ya mawe, unapanda ngazi mpaka unakumbuka nyumbani, isipokuwa mawe ya huku hayatoi maji. Mpe profesa Agape hongera zangu. Nimefurahi kusikia habari ya ndama.

Paschal hakukudanganya. Kuna kibodi ndogo ya gemu, inalazwa chini ya mkono mmoja, ina vitufe ishirini tu na havina maana yoyote mpaka wewe uvipe. Unakipa kitufe kazi kwa kutumia kitu tunachokiita makro: unarekodi vitendo kimoja baada ya kingine, pamoja na muda wa kungoja katikati yake. Ukishahifadhi, unabonyeza mara moja tu na mfululizo wote unajirudia ulivyourekodi, haukosei wala hauchoki. Wacheza gemu wananiletea zao niwapangie. Mmoja anataka kitufe cha kuruka huku akipiga, mwingine anataka cha kukimbia. Hicho cha kukimbia ndicho kinachoombwa kuliko vyote.

Baragumu inawezekana. Ninayo video ya harusi yako kwenye kadi ya simu ya zamani. Baba anapuliza mlangoni pa kanisa, mara moja ndefu na mara moja fupi. Nikizikata pumzi hizo mbili ninaweza kutengeneza mbiu zozote kwa kuzipanga tu. Kibodi itaamuru, laptopu yenu itatoa sauti, spika mtaazima kanisani.

Niandikie kila mbiu: ndefu ngapi, fupi ngapi, na katikati baba anapumzika kiasi gani. Huo muda wa katikati usiusahau. Kwenye mashine, muda usioandikwa ni sifuri.

Baba usimwambie kwamba ni mimi ninayetengeneza.

Mdogo wako,
Rogath


Mbaga, Same
25 Februari 2024

Mdogo wangu Rogath,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Namba ya simu nimeitafuta mbele ya karatasi, nyuma ya karatasi, na ndani ya bahasha. Haya.

Ndama tumemwita Neema. Agape amekuwa wa tatu kwenye mtihani na amegoma kula kwa sababu hakuwa wa kwanza. Huku mvua zinadonadona tu, kwa hiyo zamu za maji zinaendelea na kila mtu anamwangalia mwenzake kwa jicho la pembeni.

Umesema nisimwambie baba. Bahasha ilifika mikononi mwake kwanza, mdogo wangu. Aliigeuzageuza, akanipa, akasema, "Nisomee." Nikasoma yote, mpaka pale uliposema nisimwambie, maana nilishajikuta katikati ya sentensi. Aliuliza neno moja tu: "Amesema atakuja lini?" Nikamwambia hajasema. Akasema sawa, akaenda kumwangalia ndama. Kwa hiyo ujue kwamba kila utakachoandika atakisikia. Ukiwa na neno langu peke yangu, liandike kwenye karatasi ndogo, nitaitoa kabla.

Kuhusu mashine amekataa. Amesema, "Kitu kisicho na pumzi hakiiti mtu." Nilipomwuliza mbiu zinavyokwenda alijifanya amesinzia. Ikabidi niende kwa Mzee Sadock mwenyewe, maana ameitwa na baragumu hiyo miaka arobaini. Akanipigia kwa mdomo, pwuu, pwuu, mashavu yamejaa, mkewe mama Asteria akacheka mpaka mwiko ukamponyoka. Lakini ulipofika mlio wa msiba aliupiga akiwa amevua kofia.

Basi andika. Mlio wa kufungua ndiva asubuhi ni ndefu mbili, katikati kiasi cha mtu kumeza mate. Wa msaragambo ni fupi tatu, pumzi moja, ndefu moja, halafu unarudia. Wa msiba ni ndefu moja, unangoja kiasi cha kusema "Baba yetu uliye mbinguni", halafu ndefu nyingine. Ni hizo tatu tu.

Fanya haraka kidogo. Sisemi zaidi.

Dorkasi


Mwanza
8 Aprili 2024

Dada Dorkasi,

Shikamoo, na shikamoo baba, kwa kuwa unasikia.

Nisameheni kwa kuchelewa. Kazi yenyewe ilikuwa ya siku mbili, nyingine zote zimepita tu. Kwenye kifurushi utakuta kibodi, waya wake, na flashi yenye programu na zile sauti mbili. Chomeka flashi kwenye laptopu, fungua faili niliyoiandika ANZA HAPA, ufuate. Vitufe vinavyofanya kazi nimevibandikia namba kwa karatasi. Namba moja ni kufungua ndiva. Namba mbili ni msaragambo. Msiba ni namba tatu, nimeuweka pembeni kabisa, mbali na vingine, ili mtu asiubonyeze kwa bahati mbaya. Makro zimehifadhiwa ndani ya kibodi yenyewe, hata umeme ukikatika hazipotei.

Muda nimeupima ulivyoandika. Kumeza mate imekuwa sekunde moja kamili. Kwa ule wa msiba nilisali kwa sauti hapa dukani nikiwa na saa mkononi, wateja wawili wakavua kofia zao.

Kuna kasoro moja. Mwishoni mwa ile pumzi ndefu, kwenye video, mama alikuwa amesimama karibu na baba. Anasikika akisema, "Baba Dorkasi, taratibu." Nimejaribu kuifuta sauti yake. Ninayo programu ya kufuta. Nilipoifuta nikasikiliza, nikairudisha. Kwa hiyo kila ndefu itakuwa na mama ndani yake, kwa mbali. Kama baba hataki, niambieni.

Halafu, dada, umesahau mbiu moja! Ule mlio wa jioni wa kufunga ndiva ili ijae usiku. Huo sikuhitaji kumwuliza mtu. Ndefu, fupi, fupi, ndefu, unafuatana bila kupumzika. Niliusikia kila siku jua likiegemea, nikiwa na mbuzi ng'ambo ya bonde. Nikiusikia nilikuwa nainuka. Kama kuna kitu ninachokijua kwa uhakika duniani ni hicho. Nimeuweka kitufe cha nne.

Rogath

(Karatasi ndogo. Dada, hii usimsomee.

Ile Jumamosi ya mvua kubwa, mwaka 2018, baba alinituma mimi nikaufungue mlango wa ndiva maji yakizidi. Mimi nilikuwa Same, kwenye chumba cha gemu karibu na stendi, nimesahau kama kuna mvua duniani. Ukuta ulipasuka, maji yakachukua maharage yote ya Mzee Sadock. Kwenye kikao cha kamati baba alisimama akasema, "Nilisahau mimi." Akatoa mbuzi wa faini. Yeye, mzee wa kanisa, akasema uongo mbele ya watu. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta nasikia, na sikutoka. Asubuhi nikapanda basi.

Sasa unajua kwa nini sitoi namba. Akinipigia nitamwambia nini?)


Mbaga, Same
5 Mei 2024

Mdogo wangu Rogath,

Mungu ni mwema. Kifurushi kilikaa Same siku nane kwa sababu barabara ilikatika, lakini kilifika kizima.

Nianze na yaliyonipata, maana kijiji kizima bado kinanicheka. Laptopu tuliiweka kwenye meza ya baba, spika ya kanisa tukaifunga dirishani kuelekea bondeni. Siku ya pili nilikuwa napangusa meza. Wewe unasema kitufe cha tatu umekiweka pembeni kabisa. Hapo pembeni ndipo kitambaa kinapoanzia! Baragumu ya msiba ikalia bonde zima. Nilikimbia mlangoni kupiga kelele kwamba hakuna aliyekufa, lakini nani anaisikia sauti ya mwalimu wa chekechea? Ndani ya nusu saa wamefika watu na kuni, na sufuria, na mahindi ya makande, na mama Asteria ameshaanza wimbo. Mzee Sadock alikuja amevaa koti lake la mazishi, akamkuta baba ameketi kwenye kiti anakunywa uji. Walitazamana. Baba akasema, "Karibu, Sadock. Umewahi." Alicheka mpaka kikohozi kikambana. Makande tuliyapika yote yakaliwa. Na kwa kuwa watu walikuwapo, wakaenda wote kuzoa tope la ndiva. Mzee Sadock amesema meseji zisubiri kwanza.

Kwa hiyo kazi yako imefaulu. Siku ya kwanza baba hakutaka hata kuigusa, alikaa ameipa mgongo. Nikabonyeza cha kwanza. Ile ndefu ya mwisho ilipokwisha, na mama akasikika, alinyanyua mkono nisiongee. Akasema, "Rudia." Nikarudia mara tano. Sasa asubuhi anabonyeza mwenyewe, na kila akisikia "taratibu" anaitikia kwa kichwa.

Halafu kitufe cha nne.

Nilikibonyeza jioni ya kwanza, saa kumi na moja, kama ulivyoeleza. Baba alikuwa amejilaza. Aliinuka, Rogath, bila kushikwa. Akavuta kigoda mpaka mlangoni, akakaa anaangalia njia ya ng'ambo ya bonde mpaka giza likaingia. Nilimletea shuka. Kesho yake akaniambia, "Bonyeza kile cha nne." Ndivyo tunavyofanya kila jioni mpaka leo.

Msalimie yeyote anayekupikia hao sato.

Dorkasi

(Karatasi ndogo. Hii nimeiandikia shuleni.

Rogath, hakuna mbiu ya kufunga ndiva. Haijawahi kuwapo. Ndiva inafungwa kimya, mwenye zamu ya mwisho anazoa tope kwa mkono wake, anaziba, anaondoka. Mwulize mtu yeyote. Kwa ule mlio wa jioni baba alikuwa anakuita wewe. Ulikuwa mzito wa kurudi na mbuzi, yeye akatunga mbiu yako. Kijiji kizima kinaijua. Ilipolia mara ya kwanza kwenye spika, mama Asteria aliacha maji kisimani akaja kuniuliza, "Rogath amerudi?" Mimi nilidhani unajua. Sisi sote tulidhani unajua.

Na lingine. Ulipoondoka aliendelea kukupigia kila jioni. Mwaka wa kwanza wote. Wa pili. Hakuacha kwa hasira. Aliacha pumzi ilipoanza kumwisha, akaona zilizobaki azitunzie zamu za watu.

Habari za ile Jumamosi unadhani ni siri yako? Baba hajawahi kusahau maji tangu azaliwe. Mzee Sadock alijua siku ile ile. Alimla mbuzi akijua.)


Mbaga, Same
16 Juni 2024

Mdogo wangu Rogath,

Wiki sita na hakuna jibu. Paschal anasema duka limefungwa na jirani hajui ulikokwenda. Natuma barua hii pale pale, sina pengine pa kuituma.

Sitazunguka. Kwenye barua ya kwanza nilikuandikia kwamba kifua cha baba kinambana kidogo. Si kidogo. Nilidhani nikisema kweli utaogopa na usijibu kabisa. Sasa analala ameketi. Tulimpeleka hospitali, daktari akampa dawa, akaniita pembeni akaniambia tumrudishe nyumbani apumzike kwenye hewa yake. Ameketi hapa nyuma yangu wakati ninaandika. Anajua barua hii nimeianzaje, na amesema niendelee. Ana maneno yake, anataka niyaandike anavyoyasema, nisipambe. Haya hapa.

"Rogath mwanangu. Kitufe cha nne umekosea.

Ndefu ni sawa, na zile fupi mbili ni sawa. Baada ya fupi mbili pana pengo. Wewe umeweka ndefu ya mwisho hapo hapo, kama lori la Hedaru linaloomba njia. Mimi sikupuliza hivyo hata siku moja. Baada ya fupi mbili nilikuwa naishusha baragumu chini, nangoja. Nilikuwa nangoja uitike. Ulikuwa unapiga kelele 'Naaam!' kule ng'ambo na mlima unarudisha. Nikishakusikia ndipo nilipopuliza ile ndefu ya mwisho. Maana yake ilikuwa kwamba nimekusikia, sasa njoo taratibu, usikimbize mbuzi.

Nimelifikiria jambo hili kitandani. Mtoto aliyekaa na mbiu hii kichwani miaka yote, ikawaje akalisahau pengo? Nikaona hukulisahau. Hukulisikia kwa sababu ulikuwa unalijaza mwenyewe.

Dada yako anasema kwenye mashine yako muda usioandikwa ni sifuri. Basi uandike. Mimi sijui ni sekunde ngapi. Siku nyingine ulikuwa karibu, siku nyingine ulikuwa mbali sana, na nilingoja vile vile.

Habari ya ukuta wa ndiva ilikwisha siku ile ile niliyosimama. Nilimwambia Mungu niliposema uongo na tumeshaelewana. Wewe umebaki peke yako unalichunga jambo ambalo wenzako walishalizika.

Sikuiti. Nina kitufe cha kufanya hivyo. Nimesema tu kwamba umekosea pengo."

Ndivyo alivyosema. Alipomaliza alichoka, akaniomba maji. Nami niongeze langu moja, na nalisoma kwa sauti ili alisikie. Nimechoka kukubonyezea kitufe kila jioni na kumwangalia mzee wa watu anavyotazama ile njia. Nakukumbuka, Rogath. Nakukumbuka mpaka nakukasirikia.

Dorkasi


Same, stendi
5 Julai 2024

Dada Dorkasi,

Shikamoo. Shikamoo baba.

Naandika nimeegemea boneti ya gari la mlimani. Dereva ni Omari, anapakia mifuko ya saruji, kwa hiyo nina kama robo saa. Nilikuwa Geita wiki zile, nilikimbilia huko baada ya ile karatasi yako ndogo. Nilirudi Mwanza nikaikuta barua ya baba imesukumwa chini ya mlango wa duka. Niliisoma nimesimama. Sikwenda hata chumbani kuchukua nguo.

Gari lina nafasi, Omari amesisitiza nipande. Nimekataa, barua itangulie. Kwanza, nina neno na Mzee Sadock na kamati yake. Najua mmelizika, lakini mimi sikuwapo mazishini. Kesho nitapanda na gari la asubuhi, nitashukia kwake, niliseme kwa mdomo wangu mchana kweupe, tena nisimame mahali ambapo watu wote wananiona. Akitaka mbuzi nitampa mbuzi.

La pili ni hili, nalo ni kazi ya mikono yako, lifanye leo kabla hujalala. Fungua laptopu. Kwenye programu chagua kitufe cha nne, utaona mstari wa vitendo: ndefu, fupi, fupi, ndefu. Bonyeza ile ndefu ya mwisho uifute. Usiogope, haiharibiki. Halafu chagua kitufe cha tano, ambacho hakina kitu, uweke humo ndefu moja peke yake. Hifadhi. Kibandikie namba kwa karatasi, kama nilivyofanya vile vingine.

Nimehangaika na pengo hilo njia nzima, kutoka Mwanza mpaka hapa. Nilijaribu sekunde tatu, nikajaribu kumi. Makro inataka namba, dada, haikubali kungoja bila kujua mwisho. Njia pekee ni kuikata hapo, iliyobaki iwe mkononi mwa mtu.

Kesho nikitoka kwa Mzee Sadock sitakuja nyumbani moja kwa moja. Nitazunguka mpaka ng'ambo ya bonde, pale kwenye mawe nilipokuwa nakaa na mbuzi. Saa kumi na moja jioni nitakuwa hapo. Usibonyeze wewe. Mvutie baba meza karibu na mlango, abonyeze cha nne kwa mkono wake, halafu auondoe. Sauti yangu imekuwa nzito, asitegemee ile ya zamani.

Namba yangu ya simu nimeiandika nyuma ya bahasha, lakini kesho usinipigie.

Omari amewasha gari. Mwambie baba kitufe cha tano asikiguse mpaka anisikie.

Mdogo wako,
Rogath